Ramani si Modeli: Namna Umbo la Protini Linavyosomwa kwa Hadubini ya Baridi Kali

Tangu mwaka 2020 picha ya mwiba wa kirusi cha korona, ambao ni protini, imezoeleka kiasi kwamba hata asiyejua biolojia huutambua: bonge lililosokotwa kwa tepe, upande mmoja wa kijani, mwingine wa buluu, juu limetanuka na chini limechongoka. Picha hiyo imezua mabishano ya namna mbili. Wapo wanaoamini kwamba imepigwa kama inavyopigwa picha ya pasipoti, kwa hiyo kila kona yake ni ukweli usiohojiwa. Wapo wengine ambao, wakishasikia kwamba kompyuta ilihusika, huhitimisha kwamba ni mchoro wa kubuni na kwamba hakuna aliyewahi kukiona kitu chenyewe. Makundi yote mawili yamejikwaa kwenye kisiki kimoja, kwa sababu yamechanganya vitu viwili ambavyo wanaosoma maumbo ya protini kwa hadubini ya elektroni, yaani inayotumia elektroni badala ya mwanga, huvitenganisha kila siku, yaani ramani na modeli. Ramani ni kipimo. Modeli ni tafsiri ya kipimo hicho, iliyotolewa na mtu au programu, na kama tafsiri yoyote ile, inaweza kuwa imara katika ukurasa mmoja na ya kubahatisha katika ukurasa unaofuata.

Tuanze na maneno. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, ambavyo viko vya aina 20, navyo vimeungana mmoja baada ya mwingine kama shanga kwenye uzi. Kila ushanga una sehemu mbili: kipande cha uti, ambacho kinafanana katika shanga zote na ndicho kinachoshikana na jirani zake, na tawi linalochomoza pembeni, ambalo ndilo linalotofautisha aina moja na nyingine. Tawi la glisini ni atomu moja tu ya hidrojeni, kwa hiyo ni kama halipo. Tawi la triptofani ni pete mbili zilizogandana, kubwa kuliko yote. Mpangilio wa shanga, yaani ni ipi ya kwanza, ya pili na kuendelea, husomwa kutoka kwenye jeni na siku hizi haumsumbui mtu. Kinachosumbua ni umbo, kwa sababu mnyororo huo haukai umenyooka. Hujikunja na kujifunga kwa namna yake maalumu, na ni katika mikunjo hiyo ndipo protini hupata uwezo wa kufanya kazi, iwe ni kubeba oksijeni, kukata sukari au kufungua mlango wa seli.

Urefu wa mambo haya hupimwa kwa angstromu, ambayo ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni 10. Kutoka ushanga mmoja hadi unaofuata kwenye mnyororo ni takribani angstromu 3.8. Nambari hiyo tuiweke akilini, maana itatusaidia kujua lini tunaona na lini tunakisia.

Sasa ramani. Msomaji asifikirie karatasi yenye barabara na mito. Ramani ya hadubini ya elektroni ni mchemraba uliojaa vijisanduku vidogo, na kila kijisanduku kimeandikwa nambari moja inayoeleza ni kwa nguvu kiasi gani mahali hapo pamepindisha miale ya elektroni. Penye atomu nyingi nambari ni kubwa, penye maji matupu nambari inakaribia usawa wa mazingira yake. Hakuna atomu iliyotiwa jina humo, hakuna uti wala tawi, na hakuna rangi hata moja. Modeli nayo ni orodha: atomu ya kwanza ni ya naitrojeni, iko mahali fulani, ya pili ni ya kaboni, iko mahali fulani, na hivyo hivyo hadi maelfu ya mistari. Zile tepe za rangi tunazoziona magazetini zimechorwa kutokana na orodha hiyo. Rangi huchaguliwa na mchoraji ili macho yasipotee.

Ramani hutoka wapi

Tone dogo la maji lenye protini huwekwa kwenye wavu mdogo wa metali, likanyonywa kwa karatasi hadi libaki tabaka jembamba sana, kisha wavu huo ukatumbukizwa ghafla katika ethani iliyopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo yenyewe huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtu anaweza kuuliza kwa nini sampuli isitumbukizwe moja kwa moja kwenye naitrojeni. Sababu ni kwamba naitrojeni huchemka papo hapo ikigusa kitu chenye joto, ikajitengenezea blanketi la gesi, na blanketi hilo huchelewesha ubaridi. Ucheleweshaji mdogo tu unatosha kuyapa maji nafasi ya kujipanga kuwa fuwele za barafu, na fuwele huharibu picha pamoja na protini yenyewe. Yakipozwa haraka ya kutosha, maji hugandia yalipo bila kujipanga, yakawa kama kioo. Mbinu hii iliasisiwa na Jacques Dubochet na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Baada ya hapo miale ya elektroni hupitishwa. Hapa pana mtego ambao ndio chanzo cha ugumu wote unaofuata: elektroni zilezile zinazotuonyesha protini ndizo zinazoiunguza. Ukimulika sana ili uone vizuri, unachokiona ni majivu. Kwa hiyo humulikwa kidogo tu, na matokeo yake ni picha iliyojaa chengachenga, ambamo kila protini ni kivuli hafifu ambacho jicho lisilozoea haliwezi kukitofautisha na uchafu. Joachim Frank ndiye aliyeonyesha njia ya kutoka hapo. Kwa kuwa tone lina nakala nyingi sana za protini ileile, zikiwa zimelala kila upande, mtu anaweza kukusanya vivuli hivyo kwa makumi au mamia ya maelfu, akatambua kila kimoja kimetazama upande gani, kisha akavijumlisha. Chengachenga, kwa kuwa hazina mpango, hufutana. Umbo, kwa kuwa ni lilelile, hujiimarisha. Aliyewahi kukisia umbo la kiti kwa kutazama vivuli vyake ukutani, jua likiwa asubuhi, mchana na jioni, amefanya jambo hilihili kwa udogo.

Richard Henderson, kwa kutumia protini ya utando wa vijidudu wapendao chumvi, alikuwa ameonyesha mwaka 1990 kwamba hadubini ya elektroni inaweza kufikia hatua ya kumwezesha mtu kujenga modeli ya atomu. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017. Hata hivyo, kwa miaka mingi fani hii ilitaniwa kuwa ni sayansi ya mabonge, kwa kuwa ramani nyingi hazikuonyesha zaidi ya mabonge. Mambo yaligeuka karibu na mwaka 2013, zilipokuja kamera zinazohesabu elektroni moja kwa moja badala ya kuzigeuza kwanza kuwa mwanga, tena kwa kasi inayowezesha kurekebisha mtikisiko wa sampuli wakati wa kupiga picha. Mwishoni mwa mwaka huo kundi la Yifan Cheng na David Julius lilitoa umbo la TRPV1, mlango wa seli unaotufanya tuhisi joto na ukali wa pilipili, kwa ubainifu wa angstromu 3.4. Tangu hapo mabonge yamepungua, na kazi ya kujenga modeli ikawa kazi ya kila wiki katika maabara nyingi.

Ubainifu, neno linalopotosha watu wengi

Nimetumia neno ubainifu, na ni lazima lifafanuliwe kwa sababu ndilo linalosababisha kutoelewana kwingi. Ubainifu ni kipimo cha udogo wa mambo ambayo ramani inaweza kuyatenganisha, na kwa hiyo nambari ikiwa ndogo ndivyo ramani inavyokuwa bora. Angstromu 2 ni afadhali kuliko 4, ingawa masikio hutaka kinyume chake. Kwenye angstromu 10 tunaona umbo la jumla tu. Kwenye 7 hivi, sehemu za mnyororo zilizojisokota kama springi, ambazo huitwa heliksi, huonekana kama fimbo nene. Karibu na 4.5 nyuzi zilizolala sambamba, ambazo umbali kati yake ni kama huohuo, huanza kuachana. Kwenye 3.5 matawi makubwa huchomoza. Kwenye 3 mengi yao yanaonekana. Chini ya 2.5 au karibu na hapo hata molekuli za maji zilizoshikamana na protini huonekana kama vitone. Mwaka 2020 makundi mawili, moja la Cambridge na jingine la Göttingen, yalifikia takribani angstromu 1.2 kwa kutumia apoferitini, protini ngumu na yenye ulinganifu mkubwa, na hapo ndipo atomu mojamoja zilipoonekana zimetengana.

Angalia basi jambo la ajabu. Ramani nyingi zinazochapishwa ziko kati ya angstromu 2.5 na 4, mahali ambapo atomu hazitengani, lakini modeli zake zinataja kila atomu iliko hadi desimali tatu. Je, huo si uongo? Hapana, ingawa desimali zile zinastahili kutazamwa kwa jicho la pembeni, kwa kuwa ni desturi ya faili na wala si usahihi wa kipimo. Fikiria kiti kilichofunikwa shuka. Huoni miguu yake, wala huoni maungio ya mbao, lakini kwa kuwa unajua kiti kimeundwaje, unaweza kusema mguu wa kushoto wa mbele uko wapi bila kukosea sana. Kemia inatupa ujuzi wa aina hiyo. Urefu wa muungano kati ya kaboni na naitrojeni unajulikana, pembe zinajulikana, pete ya triptofani ni bapa siku zote. Mjenzi hatafuti atomu mojamoja kwenye ukungu. Anatafuta mahali ambapo kipande kizima, ambacho umbo lake analijua, kinaingia vizuri chini ya shuka. Hatari iko pale shuka linapokuwa nene mno, kwa sababu hapo hata meza ndogo inaweza kudhaniwa kiti.

Nambari ya ubainifu yenyewe hupatikana kwa utaratibu unaofanana na kuwapa makarani wawili wasiosemezana hesabu ileile. Vivuli hugawanywa nusu mbili, kila nusu ikatengenezewa ramani yake, kisha ramani hizo zikalinganishwa kuanzia mambo makubwa kwenda madogo. Mahali ambapo ulinganifu wao, ambao 1 humaanisha kufanana kabisa, unashuka hadi 0.143 ndipo panapotangazwa kuwa kikomo. Lakini kikomo hicho ni wastani wa ramani nzima, na wastani huficha mengi: kiini cha protini kinaweza kuwa cha angstromu 2.8 wakati ncha zake, zinazopeperuka kama kitambaa upeponi, haziko hata kwenye 6. Anayesoma habari kwamba umbo fulani limepatikana kwa angstromu 3 anapaswa kuuliza, ni 3 wapi?

Mjenzi akiwa mbele ya ramani

Ramani ikishafunguliwa kwenye skrini, jambo la kwanza ni kuchagua kiwango cha kukatia, yaani nambari ambayo juu yake kijisanduku kinaonyeshwa na chini yake kinafichwa. Hili ni kama maji ya bahari yanayojaa na kupwa. Maji yakijaa sana, unaona vilele vya visiwa tu, na kisiwa kimoja kinaweza kuonekana kama vitatu. Yakipwa sana, matope na mwani vyote huibuka na huwezi tena kujua kisiwa kinaishia wapi. Ramani haijabadilika, kilichobadilika ni usawa wa maji. Mabishano mengi kati ya watu wawili wanaotazama ramani moja huisha wanapogundua kwamba kila mmoja ameweka maji yake kwa kiwango tofauti.

Kisha kuna suala la kioo. Vivuli peke yake haviwezi kuonyesha kama umbo ni lenyewe au ni taswira yake kwenye kioo, kwa hiyo nusu ya bahati inaweza kukupa ramani iliyogeuzwa. Dawa yake ni rahisi ikiwa heliksi zinaonekana vizuri, kwa kuwa heliksi za kawaida za protini husokota kama skrubu ya kawaida, upande wa kulia; ukiziona zimesokota kushoto, geuza ramani yote.

Hapo kazi yenyewe huanza. Zamani kidogo mjenzi aliufuata uti kwa jicho, hatua baada ya hatua, akitumia programu kama Coot iliyoandikwa na Paul Emsley. Siku hizi mara nyingi huanza na modeli iliyokadiriwa na AlphaFold, programu ya akili bandia inayotabiri umbo la protini kutokana na mfuatano wa shanga zake, au huiachia programu kama ModelAngelo ichore rasimu, kisha yeye akarekebisha. Njia yoyote atakayoifuata, maswali ni yaleyale mawili: mnyororo unaelekea wapi, na ushanga huu ni wa ngapi?

Swali la kwanza hujibiwa na matawi. Katika heliksi matawi hayachomozi wima. Yameinama yote kuelekea mwanzo wa mnyororo, kama miiba midogo ya samaki inavyolala upande mmoja wa uti wake. Mwenye jicho lililozoea hutazama mwinamo huo, akajua papo hapo ncha ya mwanzo ni ipi. Swali la pili ni gumu zaidi, na kwa maoni yangu ndipo modeli nyingi mbovu huzaliwa. Mjenzi ana mfuatano wa shanga mkononi na uti kwenye skrini, na anapaswa kuvioanisha. Hutafuta alama za njiani. Tuseme mfuatano unasema triptofani, kisha shanga mbili ndogo, kisha tairosini, kisha glisini. Kwenye ramani atatafuta uvimbe mkubwa bapa, nafasi mbili zenye vichomozo vidogo, uvimbe mrefu, halafu mahali ambapo uti uko uchi kabisa. Akizipata alama hizo kwa mpangilio huo, ana nanga. Asipozipata, kila kinachofuata ni kubahatisha kwa adabu.

Kosa la hapa linafanana na kufunga shati vibaya. Kifungo cha kwanza kikiingia kwenye tundu la pili, vifungo vyote vinavyofuata vitaingia kwenye matundu, kila kimoja kitashika, na mvaaji hatajua lolote mpaka afike chini akute kifungo kimebaki bila tundu. Katika heliksi, kuteleza kwa ushanga mmoja humaanisha kila tawi limesogea angstromu 1.5 kwenye mhimili na limegeuka nyuzi 100 hivi. Kwenye ramani ya angstromu 4 uti bado utaonekana umekaa sawasawa. Mbaya zaidi, protini ina vipande vilivyolegea kati ya heliksi, na kosa linaweza kumezwa humo: ushanga uliozidi ukafichwa kwenye kipinda ambacho hata hivyo hakionekani vizuri. Mbunifu wa dawa akija baadaye, akaona tawi lenye chaji limetazama ndani ya mfuko anaoulenga, anaweza kutumia miezi akitengeneza kemikali ya kulishika tawi ambalo kwa kweli liko upande wa pili.

Yapo mambo mengine yanayomshtua mgeni. Matawi ya aspateti na glutameti, ambayo yana chaji hasi, mara nyingi hayaonekani hata kwenye ramani nzuri. Mgeni hudhani amekosea mfuatano. Kwa kweli ncha za matawi hayo huwahi kunyofolewa na elektroni kabla ya nyingine, na juu ya hilo chaji hasi yenyewe hupunguza nguvu ya alama yake kwenye ramani, kwa kuwa hadubini hii hupima uwanja wa umeme wa atomu wala haipimi wingu la elektroni kama ifanyavyo miale ya eksirei.

Modeli ikishakaa, programu huisogeza kidogo kidogo ili ikubaliane na ramani na kemia kwa pamoja. Mizani hii ni nyeti. Ukiipa ramani uzito mkubwa, atomu zitakimbilia hata chengachenga. Ukiipa kemia uzito mkubwa, utapata modeli ya kupendeza isiyojali kilichopimwa.

Namna ya kujidanganya, na namna ya kujikagua

Kuna onyo moja ambalo kila anayeingia katika fani hii husimuliwa. Chukua picha 1,000 za chengachenga tupu, zisizo na kitu chochote ndani yake. Ipe kompyuta picha ya uso wa Einstein, uiambie igeuze na kusogeza kila moja ya zile 1,000 hadi ifanane na uso huo kadiri inavyowezekana, kisha uzijumlishe. Utakachopata ni uso wa Einstein. Hakuwemo humo, aliingizwa na aliyekuwa akimtafuta. Henderson alilirudia onyo hili mwaka 2013, wakati wa mabishano makali kuhusu ramani ya mwiba wa VVU, na tangu hapo limekuwa kipimo cha kwanza cha mashaka. Ndiyo maana makarani wetu wawili hawatakiwi kusemezana, na ndiyo maana ramani inapaswa kuonyesha kitu ambacho hakikuwemo kwenye kigezo cha kuanzia, yaani umbo ambalo kompyuta ilipewa ilinganishe vivuli nalo, kwa mfano matawi, wakati kigezo kilikuwa bonge tu.

Kwa upande wa modeli, ukaguzi maarufu zaidi ni mchoro uliotokana na kazi ya G. N. Ramachandran na wenzake wa Madras, India, mwaka 1963. Uti wa protini unaweza kuzungushwa kwenye maungio mawili ya kila ushanga, lakini si kila mzunguko unawezekana, kwa kuwa atomu hugongana. Ukichora mizunguko yote ya modeli yako, mingi inapaswa kuangukia kwenye maeneo yanayoruhusiwa. Ni kipimo kizuri, ila kimeanza kuchakaa kwa sababu programu nyingi za kusogeza atomu zinaweza kuelekezwa kuutii mchoro huo. Mwanafunzi aliyepewa majibu usiku wa kuamkia mtihani hawezi kusifiwa kwa kupata alama zote. Kwa hiyo wakaguzi makini hutazama pia vipimo ambavyo programu haikuelekezwa kuvitimiza, na zaidi ya yote huuliza kama kila tawi lina ushahidi wa kutosha kwenye ramani mahali lilipo.

Hapa ndipo dhana nyingine inapoingia, kwamba AlphaFold imemaliza kazi na hadubini zinaweza kufungiwa stoo. Kazi ya AlphaFold ni kubwa mno, na Demis Hassabis na John Jumper walituzwa Nobel ya Kemia kwa ajili yake mwaka 2024. Lakini AlphaFold inatabiri, hadubini inapima. Utabiri huja na alama ya kujiamini kwa kila ushanga, kutoka 0 hadi 100, na penye alama za chini ile tepe ndefu inayoning'inia haimaanishi kwamba protini ina tepe hapo. Inamaanisha programu haijui. Protini nyingi pia zina zaidi ya mkao mmoja, hushikana na wenzake, hubeba sukari na mafuta, na swali ambalo mtafiti analo mara nyingi ni mkao gani ulikuwepo kwenye tone lake, siku ile, pamoja na dawa ile. Kwa mjenzi, utabiri ni rasimu nzuri sana ya kuanzia, na uzuri wake ndio hatari yake: mtu huiacha ikae hata pale ramani isipoiunga mkono.

Turudi kwenye ule mwiba

Mfuatano wa jeni za kirusi cha korona ulitangazwa tarehe 10 Januari 2020. Mwezi uliofuata kundi la Jason McLellan la Chuo Kikuu cha Texas, Austin, lilikuwa limeshatoa umbo la mwiba wake kwa angstromu 3.5. Kasi hiyo iliwafanya baadhi ya watu washuku, ingawa maelezo yake si ya siri: kundi hilo lilikuwa limefanya kazi kwa miaka kwenye miiba ya virusi vya jamii hiyohiyo, na lilijua tayari mahali pa kubadilisha shanga mbili ziwe prolini, mojawapo ya zile aina 20 za asidi amino, ili mwiba usibadilike umbo kabla ya wakati.

Mwiba huo ni minyororo mitatu inayofanana, kila mmoja ukiwa na shanga 1,273 katika kirusi chenyewe. Modeli iliyowekwa katika hifadhi ya umma kwa namba 6VSB inaanzia ushanga wa 27 na kuishia wa 1,146, tena ikiwa na mapengo katikati ambapo vipinda vilivyolegea viliachwa. Anayeona mapengo hayo kwa mara ya kwanza hudhani protini imekatika. Haikukatika, mnyororo upo, ila hapo ulikuwa ukipeperuka kiasi kwamba vivuli vilipojumlishwa ulifutika pamoja na chengachenga, na wajenzi wakaona ni heri kuacha nafasi tupu kuliko kuchora wasichokiona. Sukari nazo, ambazo zinaweza kushikamana na mwiba mahali 22 kwenye kila mnyororo, kwa kawaida huonekana pale zinapoanzia tu, kisha zinapotelea ukunguni.

Katika minyororo hiyo mitatu, mmoja umeinua kile kichwa kinachoshika seli ya binadamu, na mingine miwili imekiinamisha. Ramani yake iko wazi kwa yeyote, katika hifadhi ya ramani za hadubini za elektroni, kwa namba EMD-21375. Ukiifungua pamoja na modeli na kuyajaza maji polepole, utaona kiini cha mwiba kikibaki imara, heliksi zake zikiwa na vichomozo vya matawi. Kile kichwa kilichoinuka huanza kumong'onyoka mapema, kikageuka mabonge yasiyoshikana, huku tepe ya modeli ikiendelea kupita katikati yake bila kuonyesha tofauti yoyote ya rangi wala unene.